Yule mkubwa wetu pale chuoni leo kanivua nguo mbele za watu!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Mnaomjua mnamjua, yule mwenye tai ya kufika magotini. Leo wamekuja wageni, nikapewa nafasi nieleze utafiti wangu wa kulitambua gugu maji la Ziwa Victoria kwa kompyuta, kutoka picha za satelaiti. Slaidi ya pili tu, kanikata: "Mwalimu, magugu hayo si hata mvuvi wa Igombe anayaona kwa macho? Kompyuta ya nini?"

Ukumbi mzima kicheko. Mpaka dereva wa wageni!

KWA MACHO! Mvuvi anayaona yakishamzingira mtumbwi! Yanasukumwa na upepo, leo yako katikati ya Ghuba ya Mwanza, kesho yameziba mwalo. Satelaiti za Sentinel-2 zinapita juu ya ziwa hili kila baada ya siku 5, picha bure, pikseli moja, yaani kila kijidoti cha picha, ni mita 10 kwa 10. Mmea unarudisha sana miale ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho, maji yanaimeza, kwa hiyo kuona kuna kijani juu ya maji si kazi. Kazi ni kuifundisha programu isichanganye gugu na mwani, maana mwani nao hutanda kijani vilevile, na bado mawingu hujafukuzana nayo. Hapo ndipo ninapokesha. Halafu mtu mzima, na tai yake, anasema kwa macho!

Akamalizia kwa kunipa flashi: "Kwa vile uko hapo, nitolee virusi." Mbele ya wanafunzi ninaowafundisha algorithimu! Kwa macho, jamani!

SatoMbichi: Pole mwalimu. Virusi vilitoka?

Mtoa mada: Yaani hilo ndilo uliloliona?!

NgoshaWaBuhongwa: Nilikuwepo. Dereva alicheka mpaka akatoka nje.

BintiMalimbe: Mwalimu, shikamoo. Matokeo ya jaribio la miundo ya data lini? Tunaelekea sapu, kurudia mitihani, hata hatujui tumekosa wapi.

Kamanga1: Afadhali nyie mna jaribio. Kwetu maabara watu watano kompyuta moja, mmoja anabonyeza, wanne wanamshikia daftari.

BintiMalimbe: Na mwenye hosteli kapandisha kodi, bumu lenyewe, hela ya mkopo, halijaingia.

SatoMbichi: Hosteli ipi, ile ya geti la bluu?

BintiMalimbe: Hiyohiyo.

Kamanga1: YULE MZEE? Mpaka leo hajanirudishia godoro langu!

NgoshaWaBuhongwa: Kumbe na wewe? Fungua uzi wake, tunakuja wote.