Kichwa cha shaba au cha madini ya risasi: kipi kiruhusiwe kuulia nyamapori tunayokula?

MWANZISHA MADA (Arusha)

Ndugu wachangiaji, naleta mbele yenu hoja ambayo kwa maoni yangu imechelewa mno kujadiliwa hapa nchini. Je, sheria ielekeze kwamba nyamapori yoyote inayokusudiwa kuliwa na binadamu ipatikane kwa risasi zenye kichwa (ile sehemu inayoruka na kumpiga mnyama) cha shaba tupu, na zile zenye kiini cha madini ya risasi (metali iitwayo lead kwa Kiingereza) ziondolewe katika uwindaji huo? Msimamo wangu ni kwamba iwe hivyo, lakini mjadala ni wa wote, na wenye ujuzi wa bunduki, wa afya na wa biashara ya uwindaji waupime.

Tangu kanuni za uuzaji wa nyamapori za mwaka 2020 zilipofungua njia ya kuwa na bucha halali, nyama ya pofu, nyumbu na swala haiishii tena kambini wala kwa wanakijiji wanaopakana na kitalu cha uwindaji. Inafika mjini, inawekwa kwenye mizani, na inanunuliwa na mama anayekwenda kuwapikia watoto. Mkaguzi wa nyama anaiangalia kwa ajili ya magonjwa, na hiyo ni kazi ya maana, lakini chembe ya madini iliyo ndogo kuliko punje ya mchanga hataiona kwa macho wala kuihisi kwa kidole.

Tuanze na namna kichwa cha risasi kinavyofanya kazi mwilini, kwa sababu mabishano mengi juu ya jambo hili yanatokana na kutolielewa. Mnyama haanguki kwa sababu ya kishindo alichopigwa nacho. Anaanguka kwa sababu damu imeacha kufika kwenye ubongo, au kwa sababu ubongo wenyewe au uti wa mgongo umepigwa. Ili damu imwagike upesi, kichwa cha risasi kinatakiwa kitanuke mara kinapoingia, kifungue tundu pana katika mapafu au moyo, na kibaki na uzito wa kutosha kupenya hadi upande wa pili. Kichwa kisichotanuka, kama cha risasi za kijeshi, hupita kama sindano, na mnyama aliyepigwa nacho anaweza kukimbia mbali na kufia kichakani ambako fisi atatangulia kumfikia. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza risasi zinazotanuka kutumika vitani, na hapa tunazidai, kwa kuwa mwindaji ana wajibu wa kuua, tena kuua haraka.

Kwa zaidi ya karne moja utanukaji huo umepatikana kwa kutumia kiini cha madini ya risasi, ambayo ni laini na mazito, kilichovikwa koti jembamba la shaba. Kikigonga, ncha hufunguka, koti huchanika na kiini humeguka. Katika mapafu ya swala granti aliyesimama ubavu, kumeguka huko kunaua haraka sana, na ndiyo sababu wawindaji wengi wanaziamini risasi hizo. Lakini kichwa hichohicho kikikutana na mfupa wa bega la kongoni, mnyama anayeweza kufikia kilo 150 na zaidi, mambo hubadilika. Kichwa cha gramu 11.7 kinachotoka kwenye bunduki ya .30-06 (kipimo cha risasi kinachotumika sana kuwindia) kwa kasi ya takriban mita 820 kwa sekunde kinaweza kupoteza theluthi, na wakati mwingine nusu, ya uzito wake. Uzito huo uliopotea unabaki ndani ya nyama.

Nimefanya kazi ya uchunaji katika kambi za uwindaji upande wa Simanjiro, na ninaijua sura ya bega la namna hiyo. Ukishaondoa ngozi unakuta damu iliyovilia, nyeusi na nzito, imechanganyika na vipande vya mfupa na manyoya yaliyovutwa ndani. Mchunaji huikata sehemu hiyo na kuitupa, akaosha inayobaki, na inayobaki huonekana nyekundu na safi kabisa. Picha za eksirei, hata hivyo, zimeonyesha kwamba chembe za madini ya risasi zinaweza kusambaa zaidi ya sentimita 15 kutoka kwenye njia ya risasi, yaani ndani ya nyama ambayo hakuna mchunaji mwenye akili timamu angeitupa.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa kulungu 30 wenye mkia mweupe, waliowindwa kwa njia ya kawaida na kupelekwa kwenye bucha za kawaida. Katika pakiti 234 za nyama ya kusaga, asilimia 32 zilikutwa na angalau kipande kimoja cha metali, na kulungu 24 kati ya wale 30 walikuwa na pakiti ya namna hiyo. Nguruwe waliolishwa nyama hiyo walipanda kiwango cha madini ya risasi katika damu. Wengi wetu huku tunailoweka nyamapori kwenye ndimu au siki ili kupunguza harufu, na asidi ndiyo inayoyasaidia madini hayo kuyeyuka na kuingia mwilini kwa urahisi zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo na walio tumboni, ambao ubongo wao bado unajengwa.

Vichwa vya shaba tupu si jambo la majaribio. Kampuni ya Barnes ya Marekani ilianza kuviuza mwaka 1989. Vina tundu kwenye ncha. Vikigonga mwili hufunguka kama petali za ua, kwa kawaida nne, na hubaki na karibu uzito wake wote. California ilikamilisha marufuku ya madini ya risasi katika uwindaji tarehe 1 Julai 2019, na Denmark imeyazuia katika risasi za bunduki za kuwindia tangu Aprili 2024. Kabla ya hapo, mwaka 2016, watafiti wa Denmark walilinganisha aina hizo mbili katika uwindaji halisi wa kulungu na wakaona kwamba shaba inaua vizuri kwa kiwango kinachotosha kabisa. Ninapendekeza nasi tuanze na wageni wa uwindaji wa kitalii, ambao wengi wao huja na risasi zao wenyewe na ambao nyama wanayoiacha ndiyo nyingi.

MCHANGIAJI WA KWANZA (Moshi)

Mwanangu, nimekusoma kwa utulivu na nimejifunza. Mimi ni mwindaji mwenyeji, ninakata kibali changu kila ninapojaliwa, na bunduki ninayotumia niliachiwa na marehemu baba. Nina mambo matatu ya kukuambia, na yote nimeyaona kwa macho yangu.

Kwanza, sisi hatuchagui risasi kama wanavyochagua hao wageni. Tunanunua ile iliyopo dukani, kwa idadi iliyo kwenye kibali, na bunduki inalengeshwa, yaani shabaha yake inarekebishwa, kwa risasi hiyo. Ukinibadilishia kichwa, shabaha nayo inahama, na kuirudisha kunahitaji kupiga risasi nyingi ambazo sina. Sheria inayomtoza mwenyeji gharama ambayo mgeni haihisi ni sheria ya upande mmoja.

Pili, nyumbu na pundamilia hawasimami mmoja mmoja wakikungoja. Wanasimama kundini, mmoja nyuma ya mwingine. Kichwa kinachobaki na uzito wake wote kitamtoboa wa mbele na kumjeruhi wa nyuma, na huyo wa nyuma hana kibali wala hatafuatiliwa. Ile risasi unayoilaumu kwa kumeguka, mara nyingi inaishia ndani ya mnyama uliyemkusudia. Hilo hukuligusa hata kidogo, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote.

Tatu, nimesikia kwa wenzangu kwamba shaba ikigonga kwa mwendo mdogo haifunguki. Mtu akipiga swala kwa mita 250 na kichwa kikapita bila kutanuka, tumerudi kulekule kwa mnyama anayekwenda kufa kwa mateso. Kuhusu afya, wazee wetu waliila nyama hii na wakafika uzeeni. Sikatai maneno ya wataalamu, lakini sheria ipimwe kwa hali yetu.

MCHANGIAJI WA PILI (Njiro, Arusha)

Naomba kuongeza upande ambao wote wawili mmeuacha, nao ni wa tumbusi. Nyama tunayoibeba ni sehemu tu ya mnyama. Matumbo, mapafu na yale mabega yaliyokatwa hubaki porini, na tumbusi hushuka hata kabla gari halijaondoka. Tumbo la ndege huyo lina asidi kali sana, hivyo chembe ambazo kwa mtu zingepita kwa sehemu kubwa, kwake huyeyuka. Uchunguzi wa tumbusi wa mgongo mweupe 566 nchini Botswana, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta karibu theluthi yao wana kiwango kilichopanda cha madini ya risasi katika damu, na kilikuwa juu zaidi katika msimu wa uwindaji na ndani ya maeneo ya uwindaji. Ndege huyo yuko katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka tangu mwaka 2015. Kwa haki lazima niseme kwamba kinachowamaliza zaidi ni mizoga inayotiwa sumu, na marufuku ya madini ya risasi haitaiondoa sumu hiyo. Hata hivyo ninaiunga mkono hoja.

MWANZISHA MADA (Arusha)

Shikamoo mzee wangu wa Moshi, na ahsante kwa kusema wazi.

Hoja yako ya mnyama wa nyuma ni ya kweli na ni nzito. Kichwa cha shaba hutoka upande wa pili mara nyingi zaidi, na mwindaji anayefyatua kundini bila kuangalia kilicho nyuma atajeruhi asichokusudia. Lakini hatari hiyo tayari tunaishi nayo kwa nyati, ambaye hupigwa kwa bunduki kubwa ya .375 na vichwa vigumu vinavyoweza kupenya mwili mzima, na mwindaji bingwa yeyote humzuia mgeni wake kufyatua mpaka dume ajitenge. Nidhamu hiyo tuidai kwa nyumbu pia, hata ikimaanisha kurudi kambini mikono mitupu. Nami naongeza faida ambayo wafuata nyayo wanaifahamu: tundu la kutokea linamwaga damu chini, na alama ya damu kwenye nyasi kavu ndiyo inayomfikisha mtu kwa mnyama kabla ya giza.

Kuhusu mwendo, waliokuambia hawakukosea, ila inategemea bunduki na umbali. Vichwa vingi vya shaba vinahitaji kugonga kwa kasi ya takriban mita 550 hadi 600 kwa sekunde ili vifunguke vizuri. Katika .30-06, kichwa cha shaba cha gramu 9.7 kinatoka kwa karibu mita 880 kwa sekunde, na kwa umbali wa mita 250 bado kina kasi ya zaidi ya mita 650 kwa sekunde. Kwa hiyo anayetumia bunduki ya namna hiyo hana sababu ya hofu kwa umbali huo. Mwenye risasi ndogo zaidi au mtutu mfupi ndiye anayepaswa kusogea karibu. Asichopaswa kufanya mtu ni kung'ang'ania uzito uleule aliouzoea. Shaba ina gramu 8.96 kwa kila sentimita ya ujazo wakati madini ya risasi yana 11.34, hivyo kichwa cha shaba chenye uzito sawa huwa kirefu zaidi, na mitutu mingi ya zamani haikizungushi kwa kasi ya kutosha kukituliza hewani. Achague kilicho chepesi.

Kuhusu wazee waliofika uzeeni, mzee wangu, madini haya hayamlazi mtu kitandani siku ya pili. Yanampunguzia mtoto uwezo wa kujifunza, na hakuna nyumba ambayo ingeliona hilo na kulihusisha na sahani ya nyama. Tena hao wazee walikula nyamapori kwa nadra kuliko mteja wa bucha atakavyoila sasa.

Kwenye gharama nakubaliana nawe kabisa, na ninaibadilisha hoja yangu ipasavyo. Mwenyeji mwenye kibali apewe muda wa mpito wa miaka kadhaa, na wakati huo waagizaji walazimishwe kuleta risasi za shaba za aina zinazotumika sana hapa, na kila mwenyeji anayebadilisha aruhusiwe risasi za ziada za kulengesha bunduki, nje ya idadi ya kibali chake. Mgeni wa kitalii asipewe mpito wowote. Na cheti cha nyama inayoingia bucha kitaje aina ya kichwa kilichotumika, ili mnunuzi ajue anachokipeleka nyumbani hata kabla Bunge halijaamua lolote. Ningependa kusikia kutoka kwa wenye bucha na wakaguzi wa nyama kama sharti hili la cheti linatekelezeka kwa fomu zilizopo, au ni lazima kanuni za 2020 zifanyiwe marekebisho kwanza.