Wimbi la 20 linanitoa kila siku

Wakuu msaada, hili gemu la minara ya angani linanitoa jasho, lile unajenga minara ya kupiga meli za adui zinazokuja wimbi kwa wimbi, zisifike kwenye stesheni yako. Wimbi la 20 zinakuja meli zenye ngao, leza zangu zinapiga weee hata hazishtuki, zinapita hadi kwenye stesheni. Nina minara kama 30 hivi, nakosea wapi?

— Hiyo 30 ndo tatizo lenyewe. Uza nusu, hela yote pandishia levo minara ile ya kwenye kona, pale meli zinakaa muda mrefu ndani ya renji, yaani pale mnara unapofikia kupiga.

— Ila ukiuza hurudishiwi hela yote, cheki kwanza.

— Na mnara wa kupunguza spidi uwe mbele sio nyuma, mi niliuweka nyuma wiki nzima kama zuzu 😂

— Aisee wakuu, nimefuata ushauri wenu nimefika wimbi la 27!! Sasa kuna bosi...