Maembe ya Malindi au ya Makueni: gari gani linayafikisha mazima Nairobi?

MuuzaNgara: Wadau, hamjambo. Nauza matunda Ngara na msimu huu nimekwama. Maembe ya Malindi husafiri kilomita 600 hivi na hunifikia yakiwa magumu. Ya mji wa Wote, kule Makueni, hata kilomita 150 hazifiki, lakini nikifungua gunia nakuta ya katikati yamelainika, mengine yanavuja. Dereva nimebadilisha mara mbili. Sasa nachagua: kuchangia lori dogo la Canter na wenzangu, kutuma kwa basi, au treni ya SGR kwa yale ya Pwani. Mnanishauri nini?

TanboiMstaafu: Dada, usihesabu kilomita, uliza mzigo ulipakiwa saa ngapi. Lori la Pwani likiondoka Mombasa jioni, Voi na Mtito Andei linapita usiku, kuna baridi. La Wote hujazwa jua la utosi, kisha linazunguka shamba hadi shamba kutafuta mzigo, turubai imefungwa kote. Nimewahi kukaa juu ya mzigo wa namna hiyo saa sita kabla hatujashika lami.

MamaMatunda_Githurai: Na hilo gunia! Embe likishachumwa bado linapumua na kutoa joto. Katikati ya gunia joto halina pa kutokea, ndiyo maana ya pembeni yanapona. Mimi nilihamia kreti na hasara ikapungua sana. Usumbufu ni kurudisha kreti tupu shambani, lazima ukubaliane na dereva mapema. Tena usikubali maembe yapakiwe pamoja na ndizi zilizoanza kuiva. Zinatoa gesi ya ethilini, na maembe yako yataiva njiani.

MkulimaWote: Semeni na chanzo chake. Dalali hununua kwa gunia, kwa hiyo anataka lumbesa. Maembe yanashindiliwa mpaka juu yanashonewa kilemba, bei ni ileile. Sisi tunapunjwa, na wewe unapokea uji. Nunua kwa kilo au kwa kreti, hakuna atakayeshindilia.

Mizigo254: Basi ni zuri kwa kreti mbili tatu, linawahi. Lakini buti lina joto na hujui watakachorundika juu ya mzigo wako. SGR ni ya mwenye kontena: inashusha Embakasi, halafu utafute gari jingine hadi sokoni, kwa hiyo unapakia na kupakua mara mbili. Na ukipata lori lenye friji, mwambie dereva asiweke baridi ya nyama. Embe bichi likikaa chini ya nyuzi 10 linaungua na baridi: ngozi inafanya madoa na haliivi vizuri.

MuuzaNgara: Asanteni mno. Nimempigia dereva sasa hivi: mzigo wa juzi ulipakiwa saa saba mchana, na ukaondoka Wote saa mbili usiku. Nachukua Canter, kwa kreti. @MkulimaWote, unaweza kuchuma asubuhi tukapakia jioni?

MkulimaWote: Naweza, dada. Nitayachuma na kikonyo chake, maana utomvu ukimwagika unachoma ngozi, kisha yatakaa kivulini mpaka gari lifike. Safari ya kwanza chukua maembe ya aina ya Tommy, ngozi yake inavumilia. Aina ya Apple ngozi yake ni laini, tuyaache hadi tuone dereva anaendeshaje. Kreti uzitume siku moja kabla.

MuuzaNgara: Zitakuja na basi la Jumatano.