Naomba ushauri: MRI ya mgongo, niende Mwanza au Dodoma?

Baba Neema (Tabora): Wakuu, habari zenu. Mgongo unaniuma mwezi wa saba sasa, maumivu yanashuka paja la kushoto hadi kidole kidogo cha mguu. Nina miaka 42. Nilipiga eksirei hapa mjini, nikaambiwa diski (ule mto laini kati ya pingili za mgongo) inabana mshipa wa fahamu. Nataka MRI, ile picha ya mashine kubwa inayoonesha ndani ya mwili. Niende mji gani?

Mpiga Picha: Pole mkuu. Mji baadaye. Una homa za jioni, jasho la usiku, umepungua uzito? Makalioni na sehemu za siri kuna ganzi? Mkojo unagoma au unatoka bila habari? Unaweza kusimama kwa vidole vya mguu wa kushoto peke yake? Una chuma mwilini? Ukiwa na ganzi hiyo na mkojo umegoma, ni hospitali leo hii, usingoje safari.

Baba Neema: Mkojo sawa, homa sina, kwa vidole nasimama ingawa natetemeka. Niambieni mji tu.

Ng'ombe Kumi: Maziwa mabichi unakunywa? Bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, hukaa kwenye pingili za mgongo, na mtu anachuliwa mgongo mwaka mzima bila kupimwa damu. Wafugaji chemsheni maziwa jamani.

Mama Famasi: Na miezi saba umemeza nini? Kama ni diklofenaki ya maumivu kila siku, pima figo na presha kabla ya kuhangaikia picha. Watu mnanunua dawa kama njugu.

Mpiga Picha: Swali la chuma bado.

Baba Neema: Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti. Mwaka jana chembe ya chuma kutoka kwenye grainda iliingia jicho la kulia, ikatolewa. Daktari alisema huenda kuna kipande kimebaki. Ila naona vizuri. Mbuzi nimeshauza, tiketi ya Dodoma ninayo ya Jumatatu. Mgongo na jicho wapi na wapi?

Mpiga Picha: Sumaku ya MRI inavuta saa zote, hata kama hakuna anayepigwa picha. Kipande kikijigeuza ndani ya jicho kinachana, damu inavuja, unaweza kupofuka. Anza na eksirei ya macho, picha mbili: moja ukitazama juu, nyingine chini. Kivuli cheupe kikihama pamoja na macho, kimo ndani. Wakibaki na shaka, waombe CT skani ya macho (eksirei ya kina ya kompyuta), maana chembe ndogo sana eksirei huikosa. Kikionekana, hakuna MRI mpaka daktari wa macho aseme. CT ya mgongo nayo huonesha diski iliyochomoza.

Isevya Moja: Hii chai. Eksirei haioneshi diski wala neva, huyo daktari aliona wapi kubanwa? Na jicho limekumbukwa baada ya kuulizwa mara mbili. Stori ya kutunga.

Baba Neema: Sijatunga. Karatasi ninayo mkononi, kijana wangu kanisomea Kiingereza chake: nafasi kati ya L5 na S1 (pingili ya mwisho ya kiuno na mfupa wa chini yake) imepungua, hakuna mfupa uliovunjika. Habari ya kubanwa niliambiwa kwa mdomo. Jicho nilinyamaza kwa sababu nilijua mtanizuia.

Isevya Moja: Sawa, karatasi hiyo ni ya eksirei kweli. Ila kubanwa walikisia.

Mpiga Picha: Ndiyo maana picha lazima ioane na mguu. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2015 ulihusu watu wasio na maumivu yoyote: wa miaka 40, nusu yao walikuwa na diski iliyotuna. Maumivu ya kidole kidogo yanaelekeza mshipa wa S1 kushoto. MRI ikionesha diski iliyotuna ya L3 kulia, pingili ya juu zaidi, usikubali kupasuliwa kwa huo. Na kama hutaki sindano ya mgongo wala upasuaji, na mguu haupotezi nguvu, picha haitabadili matibabu. Mazoezi yanaanza bila hiyo. Ukifika kwenye mashine, utalala chali kama nusu saa bila kujitikisa, omba mto chini ya magoti. Fomu ukiletewa, andika jicho kwanza.

Baba Neema: Tiketi wamekubali kuisogeza hadi Ijumaa. Jumatatu napiga eksirei ya macho. Ile filamu ya mgongo niibebe?

Mpiga Picha: Ibebe na karatasi yake. Usiikunje.