Helios ya zamani kwenye Sony a6000: kamera inagoma kupiga

KusiMikindani: Wakuu, shikamooni. Baba mdogo kanipa Zenit yake ya zamani ikiwa na lenzi, Helios 44-2 ya milimita 58. Nimeagiza adapta ya M42, pete ya kuifunga lenzi hiyo kwenye Sony yangu, imefika jana kwa basi kutoka Dar. Lenzi imekaa vizuri, ila nikibonyeza kamera haipigi. Jumamosi dada yangu anaolewa hapa Mikindani na nataka sana nimpige kwa lenzi hii. Nimekosea wapi?

FundiLindi: Hujakosea, mdogo wangu. Adapta hiyo ni chuma kitupu, kamera inadhani haina lenzi. Ingia kwenye menyu, ruhusu kupiga bila lenzi. Kisha washa alama za fokasi, chagua nyekundu: kingo zikiwaka, hapo ndipo palipo kali. Helios hiyo ina pete mbili za tundu la kupitisha mwanga. Moja unachagulia namba, nyingine unafungua na kufunga. Bibi harusi mpige f/2, tundu wazi kabisa, chini ya mwembe, majani nyuma yake yataonekana kama yanazunguka, vizuri mno. Familia, funga hadi f/5.6. Ndani ya chumba itakubana, kwa a6000 inaona finyu kama lenzi ya milimita 87.

Mama_Pichani: Kabla ya yote, mulika tochi ndani ya kioo. Pwani yetu hii ukungu unaoota kwenye vioo hauna huruma. Yangu niliiacha kwenye mkoba wa ngozi masika nzima, ikaota nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Niliumia.

KusiMikindani: Imepiga! Kioo cheupe, hakina kitu. Asanteni sana.