Naomba ushauri: kanji (herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina), niendelee kuandika kwa mkono au nisome tu?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Najiandaa na mtihani wa lugha ya Kijapani, JLPT, wa Desemba, ngazi ya N4 (ya pili kutoka chini). Hiragana na katakana, zile herufi za silabi, nasoma bila shida, na sarufi inakwenda vizuri. Ninapokwama ni kanji, hasa matamshi: 生 husomwa "sei" kwenye gakusei (mwanafunzi), lakini kwenye bia ya pipa ni "nama".

Nimejaribu kadi za Anki (programu ya kukariri). Herufi ikiwa peke yake naitambua, ikija katikati ya sentensi inanipotea. Kuandika kwenye daftari la miraba kunakaa kichwani zaidi, ila kunakula muda mno, na JLPT haina sehemu ya kuandika. Yote ni kuchagua jibu. Lakini nia yangu ni kwenda kusoma Japani, na huko fomu nyingi bado hujazwa kwa mkono, kwa hiyo naona uchungu kuacha kabisa.

Mliofaulu N4 au mnaoishi huko: niweke kando kuandika hadi mtihani upite? Na matamshi mliyakariri kanji moja moja, au mliyapata ndani ya maneno mazima?

Natanguliza shukrani.