Mchango wa fidia ya vibarua ulipwe kabla ya kibali cha ujenzi kutoka. Mnasemaje?

Mwanzisha mada

Wakuu, naileta hoja hii nikiwa na uchungu. Mtaani kwetu wiki iliyopita tumepitisha daftari la mchango kwa ajili ya kijana aliyeanguka kutoka ghorofa ya kwanza wakati wa kumwaga zege. Mrunda, ule mti wa jukwaa, ulikatika, akashuka na ndoo yake, nyonga ikavunjika. Mwenye nyumba ametoa laki mbili na kusema yeye alipatana na fundi, hamjui huyo kijana. Fundi naye anasema kijana alikuja mwenyewe asubuhi kuomba kibarua. Basi anayemtibu ni sisi tulioandika majina kwenye daftari.

Kinachoniumiza ni kwamba hapa Tanzania sheria ipo, na ni nzuri. Kabla yake, kiwango cha juu cha fidia ya ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000, na cha kifo 83,000. Ndiyo, ya kifo ilikuwa ndogo kuliko ya ulemavu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ikatungwa mwaka 2008 na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ukaanza kazi Julai 2015. Leo aliyeumia kazini anastahili matibabu, asilimia 70 ya mshahara wake hadi miezi 24 akiwa bado hajaweza kurudi kazini, na ulemavu ukizidi asilimia 30 analipwa pensheni kila mwezi. Ukiwa chini ya hapo analipwa kwa mkupuo. Mchango ni wa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti.

Sasa pigeni hesabu. Saidia fundi anayelipwa 15,000 kwa siku, akifanya siku 26, anapata 390,000. Kiwango cha sekta binafsi kilianza asilimia 1, sasa ni 0.5. Mchango wake kwa mwezi ni shilingi 1,950. Kilo moja ya misumari ni ghali kuliko hapo! Kwa fedha hiyo kijana wetu angekuwa anapokea 273,000 kila mwezi akiwa kitandani.

Hoja yangu: halmashauri inapotoa kibali cha ujenzi, ichukue papo hapo mchango wa fidia kulingana na ukubwa wa jengo. Yeyote atakayeumia kwenye jengo hilo awe amefunikwa, jina lake limeandikwa au halijaandikwa.

Mwalimu mjenzi

Mkuu, pole kwa kijana wenu. Lakini mimi napinga, na napinga kwa dhati. Mimi ni mwalimu. Nyumba yangu nimeianza 2016, msingi kwa mkopo, tofali kwa mafungu, kupaua bado. Kila nikigusa jambo kuna ada: upimaji, hati, kibali, umeme, maji. Leo unaniongezea na mchango wa uajiri wakati mimi mwenyewe ni mwajiriwa.

Halafu mimi si mwajiri. Nikimpelekea fundi cherehani kitambaa akajichoma sindano, kesi ni yangu? Nimepatana na fundi bei ya kazi, watu anawaleta yeye, anawalipa yeye.

Na jambo la mwisho: mtaani kwenu nyumba ngapi zina kibali? Ukikifanya kibali kiwe ghali, umewafundisha watu kujenga Jumamosi na Jumapili maofisa wakiwa wamelala.

Fundi mwashi

Mwalimu, shikamoo. Nakuheshimu, ila hapo kwa fundi cherehani sikubaliani na wewe. Fundi cherehani anatumia cherehani yake, kwenye kibanda chake. Sisi mirunda unanunua wewe, na mara nyingi ni ile iliyotumika kwa jirani. Nikikwambia huu umeliwa na mchwa, unasema "usije ukaniletea gharama, kama huwezi nitafute fundi mwingine". Na fundi mwingine yupo, anasubiri pale barabarani na koleo lake.

Tunapatana kazi nzima, tuseme kupandisha tofali mpaka lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Bei inavutwa mpaka inabaki ya kula. Kofia ngumu, buti, mkanda wa kujifunga juu, vyote vinatoka kwenye bei hiyo hiyo, kwa hiyo havinunuliwi. Kijana akiumia natoa changu mfukoni, na nikitoa naambiwa nimekiri kosa. Na mimi fundi mkuu nikianguka je? Hakuna hata wa kumnyooshea kidole. Mimi naunga mkono hoja.

Msaidizi wa sheria

Niweke jambo moja sawa, maana naona watu wanajificha nyuma ya neno "tulipatana". Kupatana kwa mdomo hakumfanyi mtu akose kuwa mfanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya haya: anafanya kazi kwa maelekezo ya mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, vifaa anapewa, au kwa miezi mitatu amemfanyia mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi. Yapo na mengine. Saidia fundi wa kawaida anapita hapo bila shida. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi. Akishindwa kuyaleta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi au Mahakama, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unakuwa wake.

Kwa hiyo swali si kama kibarua ana haki. Anayo. Tabu ni mlolongo wa mwenye jengo, mkandarasi, mkandarasi mdogo na fundi mkuu. Kila mmoja anamsukumia mwenzake, na aliyeumia hana miezi ya kuzungushwa akiwa na mguu kwenye plasta.

Mtu wa mjengo, Mombasa

Kwetu Kenya sheria ya fidia ya 2007 ilimtaka kila mwajiri akate bima mwenyewe. Kifo au ulemavu kamili wa kudumu ni mapato ya miezi 96. Karatasini ni pesa nzuri. Sheria ikakaa kortini tangu 2008 mpaka Mahakama ya Juu ilipoimaliza kesi Desemba 2019, ikabaki kwamba madai yanaanzia kwa Mkurugenzi wa usalama kazini, si kwa hakimu.

Lakini kwenye mijengo midogo huku, nikiuliza bima naonekana mkorofi, kesho siitwi. Ndiyo maana mfuko mmoja wa pamoja kama wenu nauona bora. Bima ya mwajiri mmoja mmoja inakuwepo pale tu mwajiri anapotaka iwepo.

Muuza vifaa

Mwalimu amesema kweli kuhusu kibali, hakuna haja ya kubishana. Kwenye vibali utawapata wachache, tena waadilifu. Lakini kuna mahali ambapo hapakwepeki. Tangu Julai 2023 kila mfuko wa saruji wa kilo 50 una shilingi 1,000 ya tozo ya serikali. Mimi nauza, naiona kila siku. Anayejenga na kibali analipa, anayejenga usiku analipa. Kwa nini sehemu ya hiyo elfu moja isipelekwe kwenye fidia ya watu wanaoichanganya hiyo saruji? Sisemi iongezwe hata shilingi. Ikatwe humo humo.

Mwalimu mjenzi

Hiyo ya Muuza vifaa naikubali. Ninachokataa ni ada mpya, na kupachikwa uajiri nisiouelewa. Kama fedha tayari natoa, itumike. Ila mjibu: Mfuko utajuaje kwamba aliyekuja na nyonga imevunjika ameanguka kwenye jengo, si kwenye mwembe?

Mwanzisha mada

Swali la haki hilo, Mwalimu. Kila ujenzi unapoanza, mtendaji wa mtaa anajua, kwa sababu malori ya mchanga yanapita mlangoni kwake. Aandike: kiwanja, mwenye jengo, fundi mkuu, simu zao. Ajali ikitokea, taarifa ianzie kwake siku hiyo hiyo, na daktari athibitishe jeraha. Udanganyifu utakuwepo, kama ulivyo kila palipo na fedha. Siwezi kukubali hofu ya mdanganyifu mmoja iwaache nje wote walioanguka kweli.

Na tusisubiri msiba mkubwa. Ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilipoanguka Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013 wakafa watu 36, nchi nzima ilisimama. Anayeanguka peke yake kutoka kwenye jukwaa la mirunda hasimamishi hata kazi ya siku ile. Zege likishachanganywa linamwagwa.

Mama wawili

Samahani, naingilia. Mume wangu aliumia mkono kwenye mashine ya kukata nondo, miezi saba sasa. Ilikuwa kampuni, si nyumba ya mtu. Walimlipa wiki mbili, wakasema hakuwa na mkataba. Vidole vitatu havikunji. Nimesoma yote mliyoandika. Je, nimechelewa?

Msaidizi wa sheria

Dada, hujachelewa, ila usikae. Madai yanatakiwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, kwa hiyo unayo mitano. Kampuni ndiyo ilitakiwa kupeleka taarifa kwa Mfuko ndani ya siku saba baada ya kujulishwa. Uzembe wao usikuzuie kwenda mwenyewe ofisi ya WCF.

Kusanya karatasi zote za hospitali, picha za eksirei, na meseji za malipo kwenye simu yake, kwa sababu zinaonyesha nani alikuwa anamlipa na shilingi ngapi. Usizifute, piga picha za skrini leo. Tafuta majina na namba za wawili watatu waliokuwa naye siku ile. Kama eneo la kazi lilikuwa na kibao cha mradi, kapige picha, jina la mkandarasi linakuwa pale. Mumeo asikubali kusaini karatasi yoyote ya "nimelipwa nimeridhika" hata wakimwita kwa upole. Niandikie faragha mkoa mlipo, nikuelekeze ofisi ya karibu.